Nyumba Isiyo na Mlango: Ukubwa na Umbo la Mayai, na Yanayomhusu Mkazi

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya wakazi wa kaunti: wafugaji wa kuku, wavuvi, vikundi vya akina mama na wanafunzi. Yamechapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.

 

Kitendawili! Tega. Nyumba yangu kubwa haina mlango.

Jibu mnalijua tangu utotoni: ni yai. Lakini ni wachache waliowahi kujiuliza kwa nini nyumba hiyo ya kuku ikawa na upande mmoja butu na mwingine mwembamba, ilhali ya kasa ni duara kama mpira wa tenisi ya mezani, ya mamba ni ndefu na ncha zake mbili zinafanana, na ya mbu ni ndogo kiasi kwamba mtu huiona kama doa jeusi tu kwenye ukuta wa mtungi.

Swali hilo linahusu mifuko ya wakazi, afya ya watoto wao na fukwe zao. Kuna familia zilizopoteza akiba kwa sababu ya yai. Kuna mayai mia moja ya kasa yanayoweza kufa kwa sababu ya mtu mwenye nia njema aliyeyahamisha bila kujua. Na kuna mayai ambayo mama wa nyumbani hudhani ameyamwaga pamoja na maji machafu, kumbe yamebaki palepale yakingoja mvua.

KUBWA KULIKO YOTE NA DOGO KULIKO YOTE

Tuanze na ukubwa. Yai la kuku wa kisasa lina uzito wa gramu 50 hadi 60 hivi. La kuku wa kienyeji mara nyingi huwa chini kidogo ya hapo. La kware wa kufugwa ni gramu 10 hadi 12, yaani mayai matano ya kware ndiyo yai moja la kuku.

Kwa ndege walio hai leo, anayetaga yai kubwa zaidi ni mbuni. Yai lake hufika kilo 1.4, urefu wa sentimita 15 hivi, na ndani yake mna ujazo wa kama mayai 24 ya kuku. Ganda lake lina unene wa takriban milimita mbili. Kenya ina mbuni wa aina mbili: yule wa Kimaasai mwenye shingo na miguu myekundu, na yule wa Kisomali wa kaskazini na mashariki ya nchi, ambaye shingo na miguu yake ni ya rangi ya samawati.

Lakini zamani, ng'ambo ya bahari hii hii, kisiwani Madagaska, aliishi ndege aliyempita mbuni kwa mbali. Wataalamu humwita Aepyornis. Hakuweza kuruka, na alitoweka yapata miaka elfu moja iliyopita. Mayai yake bado hupatikana mchangani, mengine yakiwa mazima. Yai moja lilikuwa na urefu wa zaidi ya sentimita 30 na liliweza kubeba lita 8 au zaidi, yaani mayai ya kuku zaidi ya 150 katika ganda moja. Hakuna mnyama mwingine anayejulikana, hata wale mijusi wakubwa wa kale, aliyetaga yai kubwa kuliko hilo.

Upande wa pili yuko ndege mvumaji wa Jamaica. Yai lake halifiki hata nusu gramu, na urefu wake ni kama sentimita moja. Ukiliweka kando ya punje ya maharagwe, maharagwe yataonekana makubwa.

Hata hivyo, ukubwa wa yai peke yake haumwambii mtu mengi. La maana zaidi ni ukubwa wa yai likilinganishwa na mama yake. Hapo mbuni, bingwa wa mizani, anageuka kuwa wa mwisho. Yai lake ni chini ya sehemu 2 kwa 100 za uzito wa mwili wake. La kuku ni kama sehemu 3 kwa 100. Sasa mtazameni kiwi, ndege wa New Zealand asiyeruka, mwenye kimo kinachokaribiana na cha kuku. Yeye hutaga yai la gramu 400 na zaidi, ambalo linaweza kufika sehemu 20 kwa 100 za uzito wake. Ni sawa na mama mwenye kilo 60 kujifungua mtoto wa kilo 12.

Kwa nini kiwi ajitese hivyo? Kwa sababu kifaranga wake hutoka akiwa amekwisha kukua. Huanguliwa na manyoya kamili, hukaa siku za mwanzo akila kiini alichobaki nacho tumboni, na mzazi hamletei chakula mdomoni. Hivyo hesabu ni hii: yai likiwa kubwa na lenye kiini kingi, mzazi amelipa mapema; likiwa dogo, atalipa baadaye kwa kulisha na kulinda. Hakuna yai la bure.

KWA NINI YAI LA NDEGE HALIWI DUARA

Sasa tuje kwenye umbo. Bundi hutaga mayai yanayokaribia kuwa duara. Ndege mvumaji hutaga yai refu ambalo ncha zake zote mbili zinafanana. Ndege wengi wa jamii ya vitwitwi, wale wanaokuja kwa maelfu katika hori ya Mida na mdomo wa Mto Sabaki kukimbia baridi ya kaskazini, wanaporudi makwao hutaga mayai manne yenye ncha iliyochongoka, wakayapanga ncha zote zikielekea katikati kama vipande vya chungwa. Kwa mpangilio huo, mama mwenye mwili mdogo huweza kuyafunika yote manne.

Kwa muda mrefu watu walikisia sababu za tofauti hizi. Mwaka 2017 kundi la watafiti likiongozwa na Mary Caswell Stoddard wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, lilichapisha matokeo ya kupima karibu mayai 50,000 ya aina 1,400 za ndege yaliyohifadhiwa katika makumbusho. Waligundua jambo ambalo wengi hawakulitarajia: kwa ujumla, ndege wanaoruka sana na kwa nguvu ndio wenye mayai marefu au yaliyochongoka zaidi. Maelezo yao ni kwamba mwili wa ndege wa safari za angani umebanwa na kuwa mwembamba ili upasue upepo, na yai nalo hulazimika kurefuka ili lipite humo bila kupunguza chakula kilicho ndani. Walieleza pia kwamba umbo halitokani na ganda gumu la nje, bali na utando mwembamba ulio chini yake. Ganda hufuata tu umbo la utando, kama nguo inavyofuata mwili.

Mahali pa kutagia nako kuna neno lake. Kaskazini mwa dunia kuna ndege wa baharini anayetaga juu ya miamba mirefu, bila kiota, yai moja lililochongoka kama pea. Vitabu vya zamani vilisema kwamba yai hilo likisukumwa huzunguka mahali pamoja badala ya kubiringika na kuanguka baharini. Mwaka 2018 Tim Birkhead wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, na wenzake walionyesha kwamba faida kubwa zaidi ni nyingine: upande wa yai hilo ni mrefu na ulionyooka, hivyo hutulia juu ya mwamba ulioinama pale ambapo yai la umbo la kawaida lingeanza kuteleza.

Na kwa nini yai la kuku halivunjiki anapolilalia? Kwa sababu limepinda kila upande kama kuba la msikiti. Uzito unaotoka juu husambazwa kote. Lakini kuba hilo hilo ni dhaifu likigongwa kutoka ndani. Kifaranga, akiwa na kijino kidogo juu ya mdomo wake, hulipasua kwa urahisi kuliko ambavyo adui angelipasua kutoka nje.

YAI LA KUKU: AFYA YA KUKU IMEANDIKWA KWENYE GANDA

Wafugaji, hapa ndipo panapowahusu zaidi. Wahenga walisema kuku wa mkata hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Mengi ya hayo yanaweza kuzuilika kwa kulitazama yai.

Kuku huhitaji takriban saa 24 hadi 26 kutengeneza yai moja, na karibu saa 20 kati ya hizo hutumika kujenga ganda peke yake. Ganda hilo karibu lote ni madini ya chokaa. Asipoyapata katika chakula, huyatoa katika mifupa yake mwenyewe. Kwa hiyo yai lenye ganda laini au jembamba ni kilio cha kuku kwa mwenye kuku. Makombe ya baharini yaliyosagwa, au chokaa maalumu ya mifugo kutoka duka la pembejeo, ni dawa ya gharama ndogo.

Joto la pwani nalo huchangia. Kuku anapohema kwa joto, damu yake hubadilika kwa namna inayomzuia kujenga ganda zuri. Kivuli, maji baridi na banda linalopitisha hewa huongeza ubora wa mayai hata bila kubadilisha chakula.

Yai moja lenye umbo la ajabu si sababu ya kuingiwa na hofu. Kuku anayeanza kutaga hutoa mayai madogo, na mara kwa mara hutoa lenye viini viwili. Lakini kuku wengi wakianza kwa pamoja kutaga mayai yaliyokunjamana, yaliyopinda au yasiyo na ganda, na idadi ya mayai ikashuka ghafla, huenda ni ugonjwa wa njia ya hewa au kideri. Mwite afisa wa mifugo wa wadi mapema. Chanjo ya kideri ni nafuu kuliko banda tupu.

Wale wanaoangua vifaranga, kwa kuku anayelalia au kwa mashine, wazingatie haya:

Chagua mayai ya ukubwa wa wastani. Lililo kubwa mno, dogo mno, refu sana au duara sana mara nyingi halianguki vizuri. Lenye ufa usilitie.

Usiyaoshe. Ganda lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho, na juu yake kuna utando unaozuia vijidudu. Ukiliosha, umeufungulia ugonjwa njia.

Weka upande mwembamba chini na upande butu juu. Kwenye upande butu kuna kijumba cha hewa, na hapo ndipo kifaranga atakapovuta pumzi yake ya kwanza. Hii ndiyo sababu trei hupangwa hivyo.

Yasikae zaidi ya siku saba kabla ya kuanza kuatamiwa, na yawekwe mahali pa ubaridi wa wastani, si juani na si ndani ya friji.

Katika mashine, yageuze angalau mara tatu kwa siku hadi siku ya 18, kisha uyaache. Ya kuku huanguliwa siku ya 21, ya kware kama siku ya 17 au 18, na ya bata wa kawaida na bata mzinga siku ya 28.

Siku ya saba mulika kila yai kwa tochi gizani. Lenye uhai huonyesha mishipa kama mizizi ya mti. Lililo wazi, ondoa. Yai viza likipasuka ndani ya mashine huharibu na mengine.

Kuna imani kwamba yai lililochongoka hutoa jogoo na la duara hutoa tetea. Si kweli. Jinsia ya kifaranga huamuliwa na mbegu ya mama kabla hata ganda halijaanza kujengwa. Anayeuza mayai yaliyochongoka kwa bei ya juu kwa sababu hiyo anauza maneno.

FUNZO LA KWARE

Na kwa kuwa tumetaja kuuza maneno, wengi hapa mnakumbuka miaka ya 2013 na 2014. Yai la kware, lile la gramu 10 lenye madoadoa, liligeuka kuwa gumzo la nchi nzima. Ilisemwa linatibu kisukari, shinikizo la damu, pumu na mengine mengi. Bei yake ilipanda ikalipita yai la kuku mara nyingi, ingawa ni dogo mara tano. Watu walichukua mikopo, wakauza mifugo, wakajenga vizimba na kutafuta leseni za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kwa kuwa kware ni ndege wa porini kisheria. Kila mmoja akawa muuzaji, na wanunuzi wakaisha. Bei ikaporomoka na wengi wakabaki na ndege wasio na soko na madeni yasiyo na mlipaji.

Ukweli wa yai la kware ni huu: ni chakula kizuri. Gramu kwa gramu, protini yake inakaribiana na ya yai la kuku. Si dawa ya kisukari, na mgonjwa hapaswi kuacha vidonge vyake kwa ajili yake. Kabla ya kununua muujiza wowote mwingine wa aina hiyo, weka yai kwenye mizani, piga hesabu, kisha muulize afisa wa mifugo na mhudumu wa afya ya jamii. Ushauri wao ni bure.

YAI LA KASA: USILIGEUZE

Sasa tushuke ufuoni. Kasa jike hupanda mchangani usiku, huchimba shimo kwa mapezi ya nyuma, na hutaga mayai mia moja na zaidi kwa mara moja. Kila yai ni duara, lina upana wa sentimita nne hivi, na ganda lake ni laini kama ngozi. Yote hayo yana sababu. Ganda laini halivunjiki yai linapoanguka juu ya jingine shimoni. Nalo umbo la duara ndilo lenye eneo dogo zaidi la nje kwa ujazo wake, kwa hiyo hupoteza maji kidogo mchangani. Kasa haruki angani. Hana haja ya kubana mwili wala kurefusha yai.

Mtu akilipata kiota kilichofukuliwa na maji, moyo wake humwambia ayaokoe mayai: ayatie kwenye ndoo, ayapeleke nyumbani, ayafukie mahali pengine. Hapo ndipo nia njema huua.

Mtakumbuka kwamba yai la kuku ni lazima ligeuzwe. Ndani yake kiini kimeshikwa na kamba mbili za ute, kinaelea, na kisipogeuzwa mimba hunasa kwenye utando na kufa. Yai la kasa ni kinyume kabisa. Halina kamba hizo. Saa chache baada ya kutagwa, mimba hujishikiza juu ya ganda kwa ndani, na hapo hukaa hadi mwisho. Yai likigeuzwa baada ya hapo, mimba hukandamizwa na kufa. Kwa macho yai litaonekana zima. Litafukiwa, litangojwa siku 50 au 60, na halitaanguliwa.

Kwa hiyo tendo lile lile linalompa uhai kifaranga wa kuku ndilo linalomuua mtoto wa kasa. Waliofunzwa kuhamisha viota hufanya hivyo mapema, na kila yai hubebwa upande ule ule lililolala. Asiye na mafunzo asiguse. Azuie mbwa na watu, na apige ripoti kwa kamati ya usimamizi wa ufuo, BMU, au kwa KWS. Kule Watamu, shirika la Local Ocean Conservation limekuwa likilinda viota pamoja na jamii ya wavuvi tangu 1997, na kazi hiyo imeonyesha kwamba mvuvi ndiye mlinzi wa kwanza wa kasa.

Kuna jambo jingine ndani ya yai hilo. Jinsia ya kasa haiamuliwi na mbegu bali na joto la mchanga. Mchanga ukiwa kama nyuzi 29, madume na majike huzaliwa kwa idadi inayokaribiana. Ukipanda zaidi, majike huongezeka. Katika fukwe za kaskazini mwa mwamba mkuu wa matumbawe wa Australia, watafiti waliripoti mwaka 2018 kwamba karibu kasa wachanga wote, 99 kwa kila 100, walikuwa majike. Mkazi anayekata miti na vichaka vya ufuoni kwa hiyo hakati kivuli chake tu. Anabadilisha hesabu ya kasa watakaozaliwa.

Na watoto hao hutoka usiku, wakifuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni bahari. Taa kali za hoteli, baa na nyumba zinazoelekea ufuoni huwavuta nchi kavu, wakaliwa au wakakauka asubuhi. Inakadiriwa kwamba ni mmoja tu kati ya takriban elfu moja anayeishi hadi kuwa mzazi, na humchukua miaka 20 au zaidi kufika hapo. Kuzima taa au kuifunika upande wa bahari si gharama.

Kasa wote wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, na kuchukua mayai yao ni kosa. Wale wanaoambiwa kwamba mayai hayo huongeza nguvu za kiume wajue hakuna ushahidi wowote wa hilo. Na wale wanaokula nyama yake wakumbuke msiba wa jirani zetu: Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakalazwa hospitalini. Sumu hiyo haitoki kwa kupikwa.

MAMBA NA CHATU

Kwa wakazi wa kando ya Tana na Sabaki, neno fupi. Mamba hutaga mayai meupe, marefu, yenye ganda gumu, kati ya 25 na 80, katika shimo la mchangani hatua chache kutoka majini. Huanguliwa baada ya miezi mitatu hivi. Kwa mamba pia joto ndilo huamua jinsia, lakini kwa namna yake: joto la katikati hutoa madume, na la chini au la juu zaidi hutoa majike.

Tofauti na kasa, mama mamba haondoki. Hukaa karibu akilinda, na watoto wanapoanza kulia wakiwa bado ndani ya mayai, huwafukua na kuwabeba mdomoni hadi majini. Anayekuta mayai ya namna hiyo kando ya mto aelewe kwamba mama yuko karibu, hata kama haonekani. Arudi nyuma bila kelele, na watoto wasitumwe kuchota maji hapo. Chatu naye hujizungusha juu ya mayai yake kwa takriban miezi mitatu. Ukimwona amejikunja mahali pamoja siku nyingi, mwache na uwaite KWS.

YAI DOGO LINALOUA WENGI

Tumezungumza juu ya yai la Madagaska la lita nane. Yai linalopaswa kuogopwa zaidi katika kaunti hii halifiki milimita moja.

Mbu wana mayai ya maumbo tofauti, na kila umbo lina mbinu yake. Mbu wa malaria, Anofelesi, hutaga yai moja moja juu ya maji, na kila moja lina viboya viwili pembeni kama ngalawa na matengo yake. Mbu wa kawaida wa usiku, Kuleksi, huyagandamanisha mayai mia na zaidi yakasimama wima pamoja kama chelezo. Mbu wa tatu, Aedesi mwenye madoadoa meupe, anayeuma mchana, ndiye anayeleta homa ya dengue na chikungunya, magonjwa ambayo Mombasa na pwani wameyaonja zaidi ya mara moja. Huyu hatagi juu ya maji. Hubandika mayai yake meusi kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji yalipofikia.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mkazi humwaga maji ya pipa, anaona limekauka, anaridhika. Lakini mayai ya Aedesi huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa bila kufa. Mvua ikinyesha na maji yakayafikia, huanguliwa kana kwamba yametagwa jana. Ndiyo maana mlipuko huweza kuanza muda mfupi baada ya mvua kuanza.

Dawa yake haihitaji fedha. Mara moja kila wiki, usimwage tu: sugua kuta za pipa, mtungi, jagi la maua na sahani ya maji ya kuku kwa brashi na sabuni. Funika matangi. Toboa au ondoa magurudumu ya zamani, vifuu vya nazi na makopo. Mwenye homa kali, maumivu ya viungo au vipele asinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Aende zahanati apimwe.

MWISHO

Mabibi na mabwana, yai la duara na laini limefukiwa mchangani na mama amekwenda. Lililochongoka lilitoka kwa mama aliyeumbwa kuruka, au limetagwa mahali ambapo likibiringika limepotea. Lililo kubwa lina kifaranga aliyelipiwa mapema. Ganda jembamba linamwomba mfugaji chokaa, na doa jeusi kwenye ukuta wa pipa ni homa ya mwezi ujao.

Kwa hiyo kabla mkono haujagusa yai, jicho litangulie. La kuku, ligeuze. La kasa, usiligeuze. La mamba, ondoka. La mbu, lisugue.

Afisa wa mifugo anapatikana katika ofisi ya wadi, wahudumu wa afya ya jamii wako vijijini, na kamati za BMU ziko katika kila mahali pa kupandia samaki. Msingoje hadi mambo yaharibike ndipo mwaite.